Mtoto Mwepesi Kuliko Mwenzake



Niliwaahidi VIWAWA wa Korogwe filamu nzuri, nikawaletea filamu iliyoniudhi mwenyewe. Naanzia hapo kwa sababu lawama ni zangu, wao walikuja na viti vyao tu.

Ilikuwa jioni ya tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi. Asubuhi tulisikia Injili ya Mathayo sura ya 2: Herode, askari, Bethlehemu, na Raheli asiyetaka kufarijiwa. Mimi mwenzenu, frateri niliyetoka kumaliza shahada ya falsafa na kichwa kimejaa Plato, nikasema hii ndiyo siku yake. Tukaazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani, spika tukachukua ya kwaya.

Filamu yenyewe inaitwa "The Giver". Imetokana na kitabu cha Lois Lowry cha mwaka 1993, na mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Filamu ilitoka 2014, mwongozaji ni Phillip Noyce, wamo Jeff Bridges na Meryl Streep. Kitabu nilikisoma nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, nakala ya kuazima iliyokuwa imeachana na jalada lake, na usiku ule sikulala.

Kwa wasioijua hadithi: kuna jamii isiyo na njaa, vita, wivu wala wazazi wanaogombana. Kila mtu anapangiwa kazi, mke na watoto. Hakuna anayekumbuka chochote cha zamani isipokuwa mzee mmoja, aliyebebeshwa kumbukumbu za wote ili wengine waishi bila mzigo. Mtoto Jonas anachaguliwa kumrithi. Humo ndani kuna neno moja linalotajwa kila mara kwa upole: kuachiliwa. Wazee wanaachiliwa. Mtoto asiyeongezeka uzito anaachiliwa. Wakizaliwa mapacha, aliye mwepesi anaachiliwa. Baba yake Jonas, mtu mpole anayependa watoto kweli kweli, ndiye anayeifanya kazi hiyo, na Jonas anakuja kugundua kwamba kuachiliwa ni kuchomwa sindano ya kufa.

Sasa kero yangu. Kwenye kitabu Jonas ni mtoto wa miaka kumi na moja anayeingia kumi na mbili. Kwenye filamu ni kijana mkubwa wa kuchumbia, na kweli wamemtafutia binti wa kumbusu. Rafiki yake amegeuzwa rubani wa kumsaka kutoka angani. Mkuu wa wazee, ambaye kitabuni anapita tu, hapa amepewa hotuba. Vijana wangu walishangilia busu, mmoja akapiga mluzi, nami nikakaa pale nyuma nimenuna kama mtu aliyeibiwa kuku.

Lakini hayo ni madogo. Kilichoniuma zaidi ni rangi.

Watu wa jamii ile hawaoni rangi. Kitabuni huambiwi hilo mwanzoni. Unasoma kurasa na kurasa, unawaona watu na nyumba zao, na kichwani mwako unawapaka rangi mwenyewe, hadi siku Jonas anapogundua kwamba kile alichokuwa anakiona kwenye tofaa ni wekundu. Hapo unashtuka: kumbe muda wote nilikuwa kwenye dunia isiyo na rangi na sikujua! Umekuwa mmoja wao. Umeishi nao, umekubali maneno yao, hata "kuachiliwa" ulilipita bila kuuliza.

Filamu inaanza nyeusi na nyeupe. Dakika ya kwanza tu mtazamaji anajua kwamba hawa wana kasoro na yeye hana. Anakaa juu, wao wako chini. Plato alituonesha wafungwa pangoni, akamwambia msikilizaji wake kwamba wafungwa hao wanafanana nasi. Filamu imetukalisha nje ya pango na popkoni mkononi. Najua wengine watasema frateri umezidi, sinema lazima ionekane, ungetaka waifanyeje? Sijui ningeifanyaje. Najua tu kwamba usiku ule nilikuwa tayari kusimama na kuhubiri juu ya "wale" wanaoua kwa maneno matamu.

Umeme ukakatika. Jonas yuko kwenye theluji na mtoto, giza likatumeza wote. (Kwa wale wanaoniuliza hadi leo mwisho ukoje: kitabu chenyewe kinakuacha hujui vizuri, kwa hiyo hamjakosa sana.) Tukawasha tochi za simu. Nikaona nisipoteze nafasi, nikauliza: kwa nini wale watu hawakusema tu "kuua"?

Kimya. Halafu binti mmoja, nadhani ni wa kidato cha nne, hakusimama, akasema kutoka gizani, "Frateri, mbona hata sisi hatusemi. Tunasema ametoa. Fulani alikuwa nayo, akatoa."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ikaniishia. "Kutoa" ni neno letu la kila Jumapili, tunatoa sadaka, tunatoa shukrani. Na ni kweli, ndilo neno tunalotumia. Nimelisikia mara ngapi, tena nikiwa na kanzu, na sikuwahi kushtuka? Na yule aliyetoa, mara nyingi ni binti aliyeachwa peke yake na mwenye mimba akakimbia, na nyumbani wakamwambia usituaibishe. Naye hajapewa neno lingine la kulilia. Ukisema "nimetoa" hakuna anayekuja kukaa nawe matanga.

Nikafunga kwa sala fupi, watu wakaenda. Sikulala tena, kama mwaka ule wa pili wa falsafa.

Maana kwetu pia kuna neno. Nimezaliwa Handeni, Mzigua baba na mama. Mnajua kigego ni nini. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Wazee wa zamani huku kwetu, na si Wazigua peke yao, waliamini mtoto wa namna hiyo ni mkosi kwa ukoo, na wengi hawakuachwa waishi. Haya niliyajua tangu utotoni na nilikuwa nayasimulia seminarini kama mfano wa mila potofu, yaani nyeusi na nyeupe. Nisichowahi kukisimulia ni kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka. Nyumbani ilisemwa mara moja moja, kwa sauti ya chini, kwamba huyo "alirudishwa".

Siku mbili baadaye nikapanda gari kwenda Handeni. Bibi nilimkuta uani anachambua mahindi. Nikamwamkia, tukaongea habari za mvua, nikashindwa kuanza. Mwisho nikamuuliza: bibi, yule kaka yako alirudishwa wapi?

Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Akasema, "Hakurudishwa popote, mjukuu wangu. Walimuua." Kisha akaniambia alichosikia kwa mama yake: kwamba alikuwa mtoto mnene, anacheka na kila mtu, na kucheka huko ndiko kulikoonesha meno. Kwamba mama yake hakuwahi tena kufurahia mtoto kucheka. Alipozaliwa bibi, mama yake alikuwa akimziba mdomo kwa kiganja akicheka mbele ya wageni. Bibi ana zaidi ya miaka sabini, na bado akicheka huweka mkono mdomoni. Nimeuona mkono ule maisha yangu yote nikadhani ni adabu.

Hapo ndipo nilipoielewa somo la kwanza la ile sikukuu, ambalo asubuhi ile nililisoma mimi mwenyewe kwenye mimbari kwa sauti nzuri. Ni waraka wa kwanza wa Yohane, mwisho wa sura ya 1: anayesema hana dhambi anajidanganya mwenyewe. Kanisa lingeweza kutusomesha juu ya ukatili wa Herode tu. Limeweka pembeni ya Herode maneno yanayonihusu mimi, niliyesimama pale nimevaa nyeupe. Na Yohane haachi mtu hapo. Anasema anayeungama atasamehewa. Lakini utaungamaje jambo ulilolipa jina zuri? Ndiyo maana padre kwenye kiti cha maungamo anataka uiseme dhambi kwa jina lake. Si kwamba Mungu hajui.

Kwa hiyo kama wewe unayesoma ni yule "aliyetoa", au ni yule kijana aliyetoa nauli na akazima simu, sikuhukumu, sina mahali pa kusimamia. Nenda kwa padre, hata wa parokia ya mbali usiyofahamika. Nenda ukaseme.

Bibi akaniuliza kama mtoto asiyebatizwa anaweza kuombewa Misa. Nikamwambia Katekisimu, namba 1261, inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na inatupa matumaini. Akaniuliza tena, kwa urahisi zaidi, kama mtu asiyeelewa nimesema nini: "Kwa hiyo anaombewa?" Nikasema anaombewa.

Jumapili iliyofuata tulienda pamoja kigangoni. Katibu akafungua daftari la nia za Misa, akauliza jina la marehemu. Bibi akanitazama. Jina halikuwahi kuambiwa mtu. Katibu akasubiri na kalamu, watu wa nyuma wakaanza kusukumana, bibi akasema, "Andika kaka yangu," na katibu akaandika hivyo hivyo.