Nguo ya Kukulia

Katoro, mkoani Geita, fedha huingia kwa mkupuo. Duara la dhahabu likitema, kijana aliyekuwa akikopa sukari dukani hushuka mjini na kitita mfukoni, na kama ana mtoto mchanga nyumbani, kituo chake cha kwanza ni kwenye mitumba. Hapo ndipo nilipomwona baba mmoja amenyanyua gauni lenye lebo ya miezi 12, wakati binti yake alikuwa hajatimiza hata miezi miwili. "Atalikulia," akasema. Shangazi yake, mama wa makamo aliyetoka Shinyanga vijijini kuja kumsaidia mzazi, alilichukua lile gauni akalipima juu ya mtoto, bega kwa bega. Pindo lilipita nyayo. "Baba," akamwambia kwa upole, "mtoto ana baridi leo."

Namwelewa yule kijana. Anayekula kwa kudra ya mwamba hununua leo kwa sababu hajui mwezi ujao utakuwaje, na gauni kubwa ni akiba anayoiona kwa macho. Ni upendo wa mtu aliyewahi kukosa. Lakini shangazi alikuwa na haki, nami ningependa tumsikilize.

Hakuna umri ambao mwili hukua mbio kama ule. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha 6 akikaribia miezi mitano, na akitimiza mwaka huwa kwenye 9 hivi. Huzaliwa na urefu wa sentimita 50 au karibu yake, kisha huongeza kama 25 ndani ya mwaka huohuo. Kwa hiyo nguo yake ni ya majuma machache tu. Ikimbana, humwachia alama kwapani na mapajani. Ikimzidi, shingo huteleza begani, mikono humfunika viganja, na kitambaa hupanda hadi puani akiwa usingizini. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Nayo lebo isitutawale. Nguo za mitumba zilikatwa kwa vipimo vya watoto wa kwingine, na miezi iliyoandikwa ni makadirio tu. Ukiona 56, 62, 68 au 74, kama zinavyoandikwa nyingi za Ulaya, huo ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Utepe wa fundi cherehani utakwambia ukweli kuliko umri. Na mama anayefunga nepi za kitambaa aongeze nafasi ya makalio, maana nepi iliyokunjwa hujaa kuliko pampasi.

Huku kwetu lipo jambo la nguo zito kuliko saizi. Wachimbaji wadogo wengi bado hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke na vumbi lake hunasa kwenye shati. Baba anarudi jioni na hamu ya mwanawe, anampakata kifuani na shati lilelile. Kesho yake shati linalowekwa beseni moja na nepi. Zebaki huumiza ubongo, na ubongo unaokua ndio huumia zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza sumu hii, lakini nyumbani kazi inabaki kwetu: nguo za mgodini zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na baba aoge kwanza. Nawasihi akina baba, hata kama mtoto analia.

Huniuma pia kwamba mitumba hiyo tunainunua katika ukanda wa pamba. Shinyanga, Simiyu na Geita zinalima, lakini sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa marobota ya nyuzi ghafi, nasi tunangoja mabelo ya vivazi vilivyokwisha kuvaliwa na wengine.

Kule vijijini alikotoka yule shangazi, hofu ya kesho inayomfanya kijana anunue gauni kubwa ina dawa yake. Nguo ya kichanga haina mwenyewe. Ikimbana huyu, inavuka ua kwenda kwa mtoto wa wifi, kisha wa mdogo mtu, hadi kitambaa kichakae. Katoro watu wametoka Kigoma, Tabora, Mara na Kagera. Wanapanga chumba kando ya wasiowajua, na kila mzazi hununua peke yake. Hapo ndipo "atalikulia" inapozaliwa.

Ndiyo maana nilifurahi kuwakuta wanawake wa ua mmoja wa kupanga hapo Katoro wakizungusha mfuko wa nguo za watoto. Anayejifungua anaupokea, mtoto akizidi saizi anaupeleka chumba cha pili. Wana sharti moja tu, nao hawamwonei mtu haya kulidai: nguo irudi imefuliwa, imekauka kabisa, na imepigwa pasi pande zote mbili, mayai ya nzi yasije yakamwachia funza mtoto wa mwenzio.