Waliofunguliwa Pingu Wakawafunga Wenzao

Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Methali hii huwaonya watu, lakini mataifa nayo yanaihitaji, hasa yale yaliyowahi kuchomwa mkuki yakapona na kupata nguvu. Marekani ilikuwa koloni. Iliandika malalamiko ya mtawaliwa kwa ufasaha ambao dunia nzima imeuiga. Kisha, miaka 122 baada ya kutangaza uhuru wake, ikanunua nchi ya watu wengine. Kisa chake na Ufilipino kinafaa kusimuliwa kwa kila taifa changa, kwa sababu kilianza kwa urafiki, kikaendelea kwa nia njema, kikaishia kwenye makaburi.

Tuanze na walikotoka. Mwaka 1765 Bunge la Uingereza liliwatoza watu wa makoloni yake ya Amerika kodi ya stempu, ilhali hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge hilo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: asiyetuwakilisha hana haki ya kututoza. Tarehe 4 Julai 1776 makoloni 13 yalitangaza uhuru, yakisema kwamba serikali yoyote halali hupata mamlaka yake kutoka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Vita vikapiganwa, na mwaka 1783, katika mji wa Paris, Uingereza ikatia saini kukiri kwamba waliokuwa raia wake sasa ni taifa. Mji huo wa Paris tutaurudia.

Taifa hilo lilikua haraka, na wenye kuonya hawakukosekana. Mwaka 1821, katika maadhimisho ya Julai 4, Waziri wa Mambo ya Nje John Quincy Adams aliwaambia wananchi wenzake kwamba nchi yao ikianza kuzunguka duniani kuwapigania wengine, hata kwa sababu nzuri, inaweza kuitawala dunia na wakati huohuo ikashindwa kujitawala yenyewe. Mwaka 1847 mbunge kijana aliyeitwa Abraham Lincoln alimtaka Rais James Polk aonyeshe mahali hasa ambapo damu ya Wamarekani ilimwagika kabla ya vita na Mexico, kwa kuwa alishuku kwamba vita vilitafutiwa kisingizio. Mexico ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake. Wenyeji asilia wa bara hilo nao walizidi kusukumwa kutoka kwenye nchi zao. Maonyo yalisikika, lakini ushindi ulisikika zaidi.

Mwaka 1898 ukaja mtihani mkubwa. Hispania ilikuwa ikipambana na wapigania uhuru wa Kuba, na Jenerali Valeriano Weyler alikuwa amewakusanya wanavijiji kwa maelfu katika maeneo yenye ulinzi ili wasiwasaidie wapiganaji. Watu walikufa humo kwa njaa na maradhi. Magazeti ya Marekani yalimwita Weyler mchinjaji, na wananchi walikasirika kwa haki. Manowari ya Marekani, Maine, ilipolipuka katika bandari ya Havana Februari mwaka huo, ikaua mabaharia zaidi ya 260, hasira iligeuka kuwa vita. Tarehe 1 Mei, Komodoro George Dewey wa Marekani aliziteketeza meli za Hispania katika ghuba ya Manila, huko Ufilipino, koloni lingine la Wahispania.

Wafilipino walikuwa wameanza kupigania uhuru wao tangu 1896. Kiongozi wao, Emilio Aguinaldo, alikuwa uhamishoni Hong Kong, na ni meli ya Wamarekani iliyomrudisha nyumbani. Wapiganaji wake waliwabana Wahispania nchi kavu, Dewey akiwa amewafungia bahari. Tarehe 12 Juni, huko Kawit, Aguinaldo alitangaza uhuru, na tangazo hilo likaitaja Marekani kwa heshima kama mlinzi. Waliamini kwamba aliyewahi kutawaliwa hawezi kumtawala mwingine.

Dalili ya kwanza ilionekana Agosti. Wahispania na Wamarekani walipanga kwa siri namna Manila itakavyosalimu amri baada ya mapigano ya kuigiza, kwa sharti kwamba Wafilipino wasiingie mjini. Waliouzingira mji kwa wiki nyingi wakazuiwa kwenye malango yake. Kisha Desemba, katika mji uleule wa Paris, Hispania iliikabidhi Marekani visiwa hivyo, nayo Marekani ikalipa dola milioni 20. Mjumbe wa Wafilipino, Felipe Agoncillo, alifunga safari hadi huko kuomba asikilizwe. Hakupewa nafasi. Watu zaidi ya milioni 7 walibadilishiwa mtawala bila mmoja wao kuketi mezani. Kodi ya stempu iliyochangia kuleta mapinduzi ya 1776 ilikuwa jambo dogo mbele ya hili.

Rais William McKinley alitangaza kwamba nchi yake inakwenda huko kwa wema. Wafilipino hawakusubiri wema huo. Waliandika katiba yao mjini Malolos na Januari 1899 wakazindua jamhuri. Usiku wa tarehe 4 Februari risasi zililia karibu na Manila kati yao na Wamarekani. Siku mbili baadaye Seneti ya Marekani ikaupitisha mkataba wa Paris kwa kura 57 dhidi ya 27, kura moja tu zaidi ya zile zilizohitajika.

Vita vilivyofuata ndivyo vinavyobeba fundisho kuu. Baada ya wapiganaji kuhamia msituni, jeshi la Marekani lilianza kutumia njia zilezile ambazo Marekani ilizilaani. Katika jimbo la Batangas, Jenerali Franklin Bell aliwaamuru wanavijiji wahamie maeneo yenye ulinzi, na mazao na nyumba zilizobaki nje zikachomwa: mbinu ya Weyler, iliyoipeleka Marekani vitani, sasa ikiwa mikononi mwa Wamarekani. Wafungwa walilazwa chali, wakajazwa maji tumboni hadi waseme. Wanakijiji wa Balangiga katika kisiwa cha Samar walipoishambulia kambi ya Wamarekani na kuua askari zaidi ya 40 Septemba 1901, Jenerali Jacob Smith aliamuru kwamba kila mwenye umri wa kuweza kubeba silaha auawe. Alipoulizwa ni umri gani, akataja miaka 10. Mahakama ya kijeshi ilimpa karipio, na Rais Theodore Roosevelt akamstaafisha. Kiongozi huyohuyo alitangaza mwisho wa vita tarehe 4 Julai 1902, siku ya uhuru wa Marekani. Kwa makadirio ya kawaida, askari zaidi ya 4,000 wa Marekani na wapiganaji wapatao 20,000 wa Ufilipino walikufa. Raia waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, wanakadiriwa kufikia 200,000.

Je, hapakuwa na wa kusema? Walikuwapo, na walisema mapema. Mwaka 1898 iliundwa mjini Boston Jumuiya ya Kupinga Ubeberu. Ndani yake walikuwamo rais mstaafu Grover Cleveland, mwandishi Mark Twain, mwanafalsafa William James, kiongozi wa wafanyakazi Samuel Gompers na mwanaharakati Jane Addams. Tajiri Andrew Carnegie alikuwa tayari kutoa dola milioni 20 za mfukoni mwake ili Wafilipino waachiwe huru. Katika Seneti, George Hoar wa Massachusetts aliupinga mkataba ingawa rais alikuwa wa chama chake. Hoja yao ilikuwa moja: ama tuliyoyatangaza 1776 ni haki ya watu wote, ama tuliwadanganya watu wote.

Waliitwa wasaliti. Waliambiwa kwamba maneno yao yanawatia moyo maadui na kuwaua vijana walioko vitani. Lakini ukweli unatutaka tuseme pia kasoro zao. Baadhi yao waliikataa Ufilipino kwa ubaguzi, wakiogopa kwamba watu wasio weupe wangekuja kuwa raia wenzao. Na William Jennings Bryan, mpinzani mkuu wa McKinley, aliwashauri maseneta wa chama chake waupitishe mkataba kwanza, akitumaini kwamba visiwa vingeachiwa huru baadaye. Aliposimama katika uchaguzi wa 1900 kuupinga ubeberu, mlango alikuwa ameshausaidia kufunguka, naye akashindwa.

Watetezi wa utawala huo hutaja shule. Ni kweli, mwaka 1901 walimu wapatao 500 wa Kimarekani walifika kwa meli moja na kuanza kufundisha, na watoto wengi walijua kusoma. Jambo jema tulipe haki yake. Lakini makoloni 13 nayo yalikuwa na shule na bandari, na hayakukubali kwamba hivyo ni badala ya kujitawala. Wafilipino walipata uhuru tarehe 4 Julai 1946, tarehe waliyopangiwa. Mwaka 1962 waliihamisha sikukuu yao hadi 12 Juni, siku waliyojitangazia wenyewe. Kambi za kijeshi za Marekani ziliondoka baada ya Seneti ya Ufilipino kukataa mkataba mpya mwaka 1991, kwa kura 12 dhidi ya 11. Kengele za kanisa la Balangiga, zilizochukuliwa kama nyara, zilirudishwa Desemba 2018, baada ya miaka 117.

Asiyejifunza kwa deni la kwanza hukopa tena. Mwaka 1945 Ho Chi Minh alitangaza uhuru wa Vietnam akianza kwa kuyarejea maneno ya tangazo la 1776, na aliiandikia Washington akiomba msaada. Marekani ikamsaidia Mfaransa, mkoloni wa Vietnam. Mwaka 1964 Bunge lilipompa Rais Lyndon Johnson idhini ya kutumia jeshi huko, maseneta wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening, walikataa. Wote wawili walipoteza viti vyao mwaka 1968. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hivyo, na Wavietnam kwa mamilioni.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tusidhani kwamba hii ni tabia ya Wamarekani peke yao. Watu wa Mombasa waliomba msaada wa Oman kuwaondoa Wareno, na Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698, waliokuja kusaidia walibaki kutawala. Aliyeonewa akipata nguvu hujiona bado ni mwonewa, na kwa hiyo haoni kwamba anaonea. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa taifa kubwa na kwa dogo, kwa nchi inayopeleka jeshi kwa jirani na kwa chama kilicholeta uhuru kisha kikaona kila anayekihoji ni kibaraka.

Basi fundisho ni hili. Rafiki anapokuja kukukomboa, muulize ataondoka lini, na jibu liandikwe kabla bunduki ya kwanza haijalia. Nawe ukiwa ndiye mwenye nguvu, chukua malalamiko uliyoyaandika siku ya unyonge wako, uyasome mbele ya unayemwongoza. Yakimfaa yeye kuyasema dhidi yako, umeshapotea njia. Na anayekukumbusha malalamiko hayo usimwite msaliti. Maelfu ya Wafilipino wangepona kama Marekani ingewasikiliza watu wake wachache waliokuwa wakiikumbusha ilikotoka. Kuwasikiliza kungeigharimu fahari tu.