Usingoje Jumapili

Msomaji mwenzangu, Jumapili tunajitahidi. Nguo zinapigwa pasi tangu Jumamosi jioni, watoto wanaogeshwa mapema, kwaya inaimba mpaka mabati yanaitikia, na mahubiri yakikolea tunasema "Amina" kwa moyo wote. Furaha hiyo sitaki kuipunguza hata chembe. Ninachouliza ni habari ya Jumanne. Jumanne mtoto ana homa, mwenye nyumba anadai kodi, mkubwa wako kazini amenuna tangu asubuhi, na Biblia ingali mkobani, bahasha ya sadaka imebanwa katikati ya kurasa. Jumanne hiyo roho yako inakula nini?

Waisraeli walilijua jibu jangwani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia jinsi walivyookota mana asubuhi kwa asubuhi, kila mtu kadiri ya mahitaji yake. Walikuwapo waliojaribu kujiwekea akiba, na kulipokucha wakakuta imeingia mabuu na inanuka. Siku ya sita tu ndiyo waliyookota maradufu, kwa ajili ya Sabato. Mungu hakushindwa kuwapa posho ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Aliwataka watoke kila asubuhi, wainame, waokote, wajue nani anawalisha. Nami nasema wazi: Mkristo anayetegemea mahubiri ya Jumapili yamfikishe Jumamosi anajaribu kulaza mana.

Najua utakalosema. "Nikipata nafasi." "Nikipata moyo wa kuomba." Ndugu yangu, nafasi haipatikani, inatengwa. Na huo moyo unaoungojea mara nyingi huja baada ya mtu kuketi na kuanza kusoma. Weka saa kwanza. Weka mahali. Hamu itakukuta hapohapo.

Mtazame Danieli. Hakuwa mtu asiye na kazi. Alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliosimamia maliwali 120 katika ufalme wa Dario. Mafaili ya ufalme mzima yalikuwa mezani kwake, pamoja na wivu wa wenzake. Ilipotiwa sahihi sheria ya kukataza maombi, mwenye kuivunja atupwe kwenye tundu la simba, hakuanza kufunga na kukesha kwa hofu. Alikwenda nyumbani, kwenye chumba cha juu chenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama ilivyokuwa desturi yake. Hiyo desturi ndiyo inayonigusa kila nisomapo habari hii. Wengi wetu tunaanza kuomba siku ya simba. Danieli alikuwa amekwisha kuzoea kabla simba hawajatajwa. Siku ya simba yako siijui, wala wewe huijui, lakini unaweza kujiandaa kwa ajili yake kesho asubuhi, ukiwa mzima na nyumba ikiwa tulivu.

Wala usifikiri jambo hili ni la wachungaji na watawa. Mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kupewa neno moja la Biblia kwa kila siku. Ndugu walilipeleka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikalitafakari hilohilo. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na kinaendelea kutoka kila mwaka mpaka leo, katika lugha zaidi ya 50. Walikuwa mafundi na wakulima, watu wa kushika jembe na msumeno. Kutoka katika jamii hiyo walitoka wamisionari walioenea duniani, na mwaka 1891 Wamoravian wakafika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Neno moja kwa siku, na ona lilikofika!

Mwaka huohuo wa 1891 ndipo Biblia nzima ya Kiswahili ilipotoka. Mmisionari Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Askofu Edward Steere wa Unguja alilishughulikia Agano Jipya mpaka likatoka mwaka 1879, naye akafariki 1882 kabla ya kuiona Biblia kamili. Watu wametoa jasho na machozi ili wewe usome kwa lugha unayoiotea ndoto. Isome!

Sasa, namna ya kuanza. Anza kidogo, kidogo kiasi kwamba huwezi kujitetea. Sura moja, sala fupi, basi. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52 zinalimaliza sawasawa, na Jumamosi na Jumapili zinabaki kwa kurudia ulipopapenda. Mithali ina sura 31, na mwenye mwezi mgumu wa maamuzi aijaribu hiyo, sura kwa tarehe.

Shikamanisha ibada na jambo ambalo tayari hulikosi. Mama anayeamka saa kumi usiku kukanda unga wa maandazi anasubiri uumuke. Hapo ana dakika zake. Mlinzi wa zamu ya usiku asome akishakabidhi lindo, kabla ya kulala, na asimwonee haya mwenzake anayesoma alfajiri, maana Mungu hatazami saa ya ukutani. Dereva wa bodaboda asikilize Biblia ya sauti kijiweni kabla ya abiria wa kwanza. Wewe unayeishi chumba kimoja na watoto wanne, usingoje kimya ambacho hakitakuja. Soma kwa sauti, nao wasikie. Watoto wanaomsikia mama yao akiwataja kwa majina mbele za Mungu wamepewa urithi.

Ukimaliza kusoma, jiulize: nimejifunza nini juu ya Mungu, na leo nitafanya nini? Andika mstari mmoja kwenye daftari. Kisha omba, ukitaja watu kwa majina, deni lako kwa kiasi chake, hofu yako kama ilivyo. Simu ikae mbali mpaka umalize. Hili nalisisitiza, maana anayefungua ujumbe wa kundi kwanza, asubuhi yake imekwisha kuchukuliwa na watu wengine.

Utakosa siku. Utaugua, utasafiri, utapitiwa na usingizi. Shetani atakunong'oneza kwamba umeshindwa, hivyo uache tu. Usimsikilize. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa mazoea. Wengine siku 18, wengine ilikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuwabomolea walichokwisha kujenga. Basi usilipe deni la sura ulizoruka. Soma ya leo. Rehema za Mungu ni mpya kila siku, na hiyo ni pamoja na siku inayofuata ile uliyolala mpaka jua likakuchoma.

Na tafuta mwenzako mmoja, mke, rafiki, au jirani wa jumuiya, mwulizane jioni: umesoma nini leo?

Leo usiku, kabla hujazima taa, iweke Biblia wazi mezani penye Injili ya Marko, na uitege simu ikuamshe robo saa mapema. Ukifika mstari wa 35 wa sura ya kwanza utamkuta Bwana Yesu mwenyewe, baada ya jioni ya kuponya umati uliojaa mlangoni, akiondoka kungali giza kwenda mahali pasipo watu kuomba. Kama Yeye alihitaji, mimi na wewe je? Amka kesho usome sura hiyo. Kesho kutwa, soma ya pili.