Panda Juu Kabla ya Masika

Ndugu mwenye kiwanda, nawe mwenye ghala la pamba au sukari, ni lini mara ya mwisho ulijua hali ya paa lako? Usinionyeshe cheti cha ukaguzi. Nauliza habari za paa!

Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Kati ya amri ya kiota cha ndege na amri ya mbegu shambani, Mungu anamwagiza mjenzi aweke ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hatia haikuwekwa kwa aliyeanguka. Iliwekwa kwa mwenye nyumba!

Basi mpandishe fundi, na umfunge mkanda wa usalama kwanza. Apite juu ya mistari ya skrubu, penye chuma cha kubeba bati chini yake. Asithubutu kukanyaga bati la plastiki la kuingiza mwanga: likishachakaa kwa jua, huvunjika bila kuonya. Ainame atazame mpira ulio chini ya kichwa cha skrubu. Umepasuka? Maji yameshaingia, na kutu imeshaanza kuzunguka tundu. Azoe majani kwenye gata, maana gata likiziba, maji hurudi ndani na kushuka ukutani kimyakimya. Na ninyi wa pwani, upepo wa chumvi haungoji ratiba yenu ya ukaguzi.

Kisha zungukeni kuta. Penye zege lililobanduka, nondo iko nje, inaoza; kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Mkiona ufa, wekeni alama ya kalamu kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Mrudi baadaye mtazame. Ufa ukivuka alama, jengo linatembea. Wahenga walituambia tuzibe ufa, lakini hawakusema tuufiche kwa plasta na rangi mgeni asiuone!

Maana kuona peke yake hakuokoi mtu. Kule Savar, Bangladesh, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa za jengo la Rana Plaza zilionekana mchana kweupe. Watu walitolewa. Mhandisi alisema si salama. Kesho yake benki iliyokuwa humo haikuwarudisha watumishi wake. Washonaji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa humo wakaamriwa kuingia, wengine wakitishiwa kunyimwa mishahara yao. Asubuhi hiyohiyo jengo likaporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Ukaguzi ulifanyika, ndugu zangu! Uliokosekana ni utii.

Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, mwite fundi na mhandisi. Mhandisi akisema watu watoke, watoe siku hiyohiyo, na mshahara wao wa siku hiyo uwalipe.