Siti ya Mtu Mmoja



Mwezi uliopita niliamua kwenda hija ya siku moja Bagamoyo. Sikuwa na kikundi wala basi la parokia, nilikuwa na nauli tu. Kwa wasioijua njia hii: unafika kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, unawasikia makonda wanaita "Bagamoyo! Bagamoyo!", unaingia kwenye kosta, inajaa, mnaondoka. Ni kilomita kama 70 hivi. Kiyoyozi ni dirisha, na nauli yake hata mwanachuo anayesubiri boom anaimudu.

Niliwahi, nikapata ile siti ya mtu mmoja, dirishani. Rozari mkononi. Nikajisemea moyoni, leo nitasali vizuri.

Tegeta akapanda mama mmoja mtu mzima, ana ndoo tupu mbili, moja imewekwa ndani ya nyingine. Wale akina mama wanaofuata samaki Bagamoyo waje wakaange. Gari lilishajaa. Konda akawa anapiga kelele, "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe!" wakati nyuma hapakuwa na nafasi hata ya kuku. Mama akasimama ubavuni mwangu, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye ndoo. Kila dereva akikanyaga breki, ndoo zinanigusa bega.

Nikafumba macho. Usingizi sikuwa nao hata chembe. Nilijifanya nimelala, na kibaya zaidi, huku nimejifanya nimelala niliendelea kuhesabu Salamu Maria.

Ukijifanya umelala unasikia kila kitu, yaani zaidi ya aliye macho. Nilimsikia akishusha pumzi. Nilimsikia akimwambia mtu, "Acha tu mwanangu, tumezoea." Bunju ikapita, Mapinga ikapita. Nilipofumbua macho tulikuwa tumeshaingia Bagamoyo mjini na yeye hayupo.

Nawaombeni leo msome tena habari ya Msamaria mwema, Luka 10, kuanzia aya ya 25. Wengi wetu tumeisikia tangu Utoto Mtakatifu mpaka tunaona tunaijua. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona kitu kimoja. Yule Msamaria alipomaliza kumfunga majeruhi vidonda alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Sasa jiulize, yeye mwenyewe alifikaje kwenye nyumba ya wageni? Mwinjili hasemi, ila mnyama anatajwa mmoja. Naona alitembea. Kabla ya kutoa hela yoyote kwa mwenye nyumba, alikuwa ameshatoa siti yake. Na ile njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko si ya lami, ni milima mikavu na jua.

Halafu mwangalie kuhani. Tumezoea kumtetea kwamba alikuwa anawahi ibada. Lakini Bwana Yesu anasema alikuwa anateremka kwa njia ile, na kuteremka ni kutoka Yerusalemu, kuliko hekalu. Kama alikuwa na zamu hekaluni, basi zamu ilikuwa imekwisha. Hakuwa anawahi kitu. Mimi angalau nilikuwa nakwenda kusali, nikajipa moyo hivyo. Haikunisaidia sana.

Nilitembea hadi misheni, ile waliyoianzisha Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ya kwanza ya Kanisa Katoliki kwenye bara letu la Afrika Mashariki katika zama hizi. Ukiingia makumbusho yao unakutana na minyororo. Ni ya chuma, mizito kuitazama tu. Watu walifika Bagamoyo kwa miguu kutoka bara, wengi wao watumwa, na mapadre wale waliwakomboa baadhi yao, watoto kwa wakubwa, wakawawekea kijiji chao hapo hapo. Na hapo ndipo Chuma na Susi na wenzao walipoufikisha mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya kuubeba miezi mingi kutoka nchi inayoitwa leo Zambia. Mimi nilikuwa nimeshindwa kubeba hata uzito wangu mwenyewe kutoka Tegeta.

Pale makaburini mwa wamisionari nilikaa muda mrefu. Soma miaka kwenye misalaba ile, piga hesabu. Wengi ni vijana kama sisi. Walivuka bahari, wakaugua, wakafa. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja. Nilikuwa naziona ndoo tu.

Jioni kwenye gari la kurudi nikasema nitalipa deni. Akapanda mama mwingine, huyu ndoo yake imejaa na harufu yake inajitangaza. Nikaruka kama askari: "Shikamoo mama, karibu ukae." Akanitazama kwa huruma. "Marahaba baba. Kaa tu, mimi nashuka hapo mbele." Nimeshasimama, naona aibu kukaa tena. Konda akauliza hiyo siti ina mtu, na kabla sijajibu kijana wa sekondari akaikalia, akalala papo hapo. Sijui kama alikuwa amelala kweli. Nilisimama mpaka Makumbusho.

Jumamosi nikaenda kuungama. Unajua kwenye Misa tunakiri na ile ya kutotimiza wajibu. Huwa naipitia haraka haraka kwa sababu haina sura. Safari hii ilikuwa na sura, na ndoo mbili. Padre akasikiliza, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyo mama alishuka wapi?"

Nikamjibu, "Padre, sijui. Nilikuwa nimefumba macho."

Kitubio akanipa nimwombee wiki nzima, fungu moja la rozari kila siku, na nisali macho yakiwa wazi. Leo ni siku ya nne. Jina lake silijui, kituo chake sikijui, ila sauti yake naikumbuka. Nawe kama utasali rozari leo, niwekee fungu moja kwa ajili yake.