Kasoro Ipi Iachwe?

Katika viwanda vya nguo vya EPZ, Athi River, kabla ya shehena kupelekwa bandarini Mombasa, mkaguzi huchagua katoni chache miongoni mwa nyingi, akazifungua na kuhesabu kasoro. Hakagui kila vazi. Siku hazimtoshi, wala meli haimngoji. Uzi unaoning'inia husamehewa, mradi idadi isipite kiwango walichoagana mnunuzi na mshonaji. Lakini sindano ikivunjika katika cherehani, fundi hana ruhusa ya kuendelea mpaka vipande vyote vipatikane. Kikisalia kimoja ndani ya nguo ya mtoto, hakuna hesabu iwezayo kukihalalisha.

Nadhani watungao programu za kompyuta wana la kujifunza hapo. Hakuna programu kubwa isiyo na kosa, na anayeingoja hiyo hataitoa kamwe. Basi kuuliza makosa yamebaki mangapi hakutoshi. Hatuna budi kuuliza ni nani atakayeumia kwayo, na kama ana njia ya kujiponya. Programu ya mchezo ikikwama, kijana hununa kidogo, akaianza upya. Lakini mshonaji amtumiaye mama yake fedha Kitui kwa simu, zikapotea njiani, hana akiba ya kungojea marekebisho.

M-Pesa ilijaribiwa kwanza kwa watu wachache, Nairobi na Thika, kuanzia Oktoba 2005, ikafunguliwa kwa nchi nzima Machi 2007. Ilikusudiwa kulipia mikopo midogo; walioijaribu wakaitumia kupelekeana fedha, na jambo hilo likageuza mpango wenyewe. Kwa hiyo jaribio lilifichua zaidi ya makosa: lilifichua haja ambayo watengenezaji hawakuitazamia.

Walakini, yako mambo yasiyongoja. Uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013 haukuweza kuahirishwa kwa ajili ya mitambo. Katika vituo vingi vyombo vya kutambua wapiga kura vilishindwa kufanya kazi, na baadaye upelekaji wa matokeo kwa mitambo nao ukakwama. Wengi hulaumu haraka ya matayarisho, nami siwapingi. Lakini mtu asiyeweza kuisogeza tarehe angali na wajibu mmoja, nao ni kuweka tayari njia ya pili kabla ya ile ya kwanza kumwangusha. Siku ile makarani waligeukia daftari za karatasi zilizokuwa mezani, na foleni zikaendelea kusonga.