Sinia la Nyumbani ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na akatupa riziki za nchi kavu na za baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa si la dini, bali ni la jikoni tu. Nalo ni kula kwetu: twala nini, twala kiasi gani, na twala na nani. Hapana shaka atatokea mtu aseme, "Masheikh wameyamaliza ya msikitini, sasa waingia vyunguni mwetu!" Huyo twamjibu kwamba dini hii haikuacha chungu wala kikombe. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihyaa Ulumiddin, alipofika robo ya pili, ambayo ni ya mambo ya ada za kila siku, kitabu cha kwanza alichokitia ni cha adabu za kula. Amekitanguliza mbele ya ndoa na mbele ya biashara. Wala hakufanya hivyo kwa kupenda chakula. Alijua kwamba ibada haisimami ila kwa mwili, na mwili hausimami ila kwa kula.

Na katika Sura ya Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wale vilivyo halali na vilivyo vizuri. Tazameni, yametajwa mambo mawili, si moja. Sisi watu wa pwani, alhamdulillahi, hilo la kwanza twalishika sana. Mtu hawezi kutia nyama kinywani ila aulize imechinjwa na nani. Lakini hilo la pili tumelitupa. Kuku twauliza kachinjwa vipi, wala hatuulizi kakaangwa kwa mafuta ya siku ngapi. Soda twajua haina ulevi, basi twaona yatosha; mtoto hupewa asubuhi, hupewa na jioni. Halali tumeishika, na uzuri tumeuacha sokoni.

Jee, hali yetu ni ipi? Baba hutoka kabla ya jua kuchomoza awahi feri ya Likoni au zamu ya bandarini. Mama naye siku hizi ana kazi yake, au ana biashara yake. Watoto hupewa shilingi mkononi wajinunulie mahamri, au bhajia na viazi karai langoni mwa skuli. Adhuhuri ni chipsi na soda. Jioni wakitoka madrasa ni kachiri na aisikrimu. Usiku baba arudi baada ya Isha, amechoka. Wali mwingi watolewa, kila mmoja ajipakulia sahani yake. Huyu ala mbele ya televisheni, yule ala chumbani simu i mkononi, na mama ala amesimama jikoni. Kisha watu hao na matumbo yao mazito hulala. Kesho huanza vivyo hivyo.

Na matokeo yake twayaona. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 94 katika kila 100 hawali mboga na matunda kwa kadiri inayotakiwa kwa siku, na kwamba karibu mtu mmoja katika wanne ana presha ya juu. Lakini hatuhitaji hesabu za Serikali ili tuyajue haya. Sisi huitwa kuwazuru wagonjwa na kuwaombea. Twamuona mtu aliyekuwa akiibeba nyumba nzima, leo amekatwa mguu kwa ajili ya sukari, na yeye ndiye hubebwa. Twamuona mama aliyepooza upande mmoja kwa presha ambayo hakuijua kuwa anayo. Na watoto wao wamesimama kando ya kitanda, chupa za soda zi mikononi mwao. Wallahi, mwenye macho haoni hapo mgonjwa mmoja. Aona na wale wanaokuja nyuma.

Wala hatusemi kwamba kila mgonjwa amejitakia. Kuna maradhi ya sukari yanayompata mtoto mdogo ambaye hakukosa lolote, na kuna maradhi ya kurithi. Mgonjwa haki yake ni kuhurumiwa na kutibiwa, si kusutwa. Maneno yetu ni juu ya kile ambacho Mwenyezi Mungu amekitia katika uwezo wetu. Na yule asemaye, "Kila kitu ni kadari," twamkumbusha kwamba Sura ya Baqara hiyo hiyo, aya ya 195, imetukataza kujitupa kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizo. Huyo huyo mwenye kadari, akivuka barabara, hutazama kulia na kushoto. Mbona mbele ya sahani hatazami?

Sasa tuje kwenye udhuru unaotajwa na wengi, nao ni uchache wa nafasi. Udhuru huu hatuukatai. Maisha ya mji ni magumu, na anayefanya kazi tangu alfajiri hana nguvu za kupika vyakula saba. Lakini Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), amefundisha kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu hata zikiwa chache. Basi nyumba isitake kugeuka kwa siku moja. Atakayetupa kila kitu Jumamosi, Jumatano atakuwa amekwisha rudi alikotoka. Sisi twataja mambo manne. Mwenye kuweza aanze kwa moja, na likisha kuwa ada aongeze la pili.

La kwanza ni kukusanyika. Amepokea Abu Daud kwamba watu walimshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa wanakula na hawashibi, akawauliza kama huenda wanakula mbali mbali, na walipokubali akawausia wakusanyike juu ya chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa. Hii ndiyo dawa iliyo mbele yetu, wala hainunuliwi. Watu wakikaa pamoja juu ya sinia moja, mtoto haleti simu. Mama huona ni nani asiyegusa mboga. Baba huona ni nani aliyedhoofu. Mtoto hufuata anachokiona. Baba akila mchicha, naye atakula; baba akiusukuma pembeni, mtoto naye atausukuma hata akihubiriwa mwaka mzima. Na Mtume (s.a.w.) alipomuona kijana Umar bin Abi Salama mkono wake ukizunguka katika sahani, alikuwa amekaa naye, akamfundisha palepale ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu yake. Jee, sisi tutawafundishaje watoto wetu adabu hizi na hali hatuli nao? Baba ambaye zamu yake haimruhusu kula nao usiku, na ale nao asubuhi baada ya Sala ya Alfajiri. Asiyeweza kila siku, na aweke siku tatu kwa wiki asizivunje.

La pili ni kutengeneza mapema. Njaa ikisha kuingia, mtu hachagui. Hula kilicho karibu, na kilicho karibu ni cha kukaangwa cha barabarani. Mbaazi, kunde na choroko hurowekwa usiku bila ya taabu yoyote. Chungu kimoja kikichemshwa siku ya mapumziko na kugawanywa, hukaa katika friji na kutumika kwa siku mbili tatu. Samaki husafishwa na kutiwa ndimu na viungo mapema, jioni ikabaki kumchoma tu. Vyakula vya wazee wetu vilikuwa vizuri kuliko hivi tunavyojivunia leo: muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha, samaki, mchicha, mnavu, majani ya kunde, mabenda, mapapai na maembe ya msimu. Matabibu hufundisha kwamba chakula cha mtu nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe wali au ugali au muhogo, na robo iwe samaki au kunde au nyama. Sisi tumepindua: wali ni mlima, na mboga ni pambo. Hatuwaambii watu waache wali wa nazi. Twawaambia mlima ushuke, tui liwe jepesi, na mboga ipande.

La tatu ni kinywaji. Chupa moja ya soda ya mililita 300, katika aina nyingi, ina sukari ya gramu 30 au zaidi, yaani kama vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lausia kwamba ni bora mtu mzima asipite kama gramu 25 kwa siku nzima, ikihesabiwa na ile ya chai. Basi mtoto anayekunywa chupa moja amekwisha kupita mpaka wa mtu mzima kabla hajala kitu. Soda na itoke nyumbani, iwe ya siku moja moja. Maji safi yawekwe mahali ambapo mtoto ayafikia mwenyewe. Na chai ya vijiko vinne ishushwe hadi vitatu, ikae hapo wiki kadhaa, kisha viwili. Ulimi ni kama mtoto: ukizoezwa huzoea.

La nne ni kiasi. Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea Tirmidhi ni mashuhuri: kwamba hapana chombo kibaya ambacho mwanadamu hukijaza kuliko tumbo, na kwamba ikiwa hapana budi, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Hadithi hii twaijua kwa moyo, twaisomea watu, kisha twakalia sinia tukaisahau. Mahamri na sambusa si haramu. Ziwe za Ijumaa au za siku ya wageni, zisiwe za kila kunapokucha. Mbaazi za asubuhi na zibaki, ziliwe kwa muhogo au kwa mkate wa unga usiokobolewa.

Na hapa twataka kuwaambia mababa neno ambalo huenda wasilipende. Wengi wenu mkisikia haya mtarudi nyumbani mkamwambie mke, "Sheikh amesema upike mboga." Si hivyo! Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na Sala ikifika hutoka kwenda kusali, ameipokea Bukhari. Jee, wewe ni bora kuliko yeye? Mke aliyeshinda kazini kama wewe, kisha akangojewa apike, aoshe, na awaogeshe watoto, ukimuona ananunua chipsi usimlaumu, jilaumu wewe. Toka msikitini upite sokoni ununue mboga na samaki. Menya muhogo. Wavulana nao wafundishwe kukata kitunguu na kuosha vyombo, kama wafundishwavyo wasichana. Na likipikwa jambo jipya lisilokuwa na mafuta wala chumvi nyingi, usikunje uso mbele ya watoto. Mtume (s.a.w.) hakuwa akitia ila chakula kabisa, akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Neno moja la baba la kudharau mboga hubomoa kazi ya mama ya mwezi.

Atakuja mwengine aseme kwamba chakula kizuri ni ghali, na sisi ni masikini. Twamwambia: nenda sokoni ukapime mwenyewe. Thamani ya soda za watoto wanne ukaiweke kando ya mafungu ya mchicha na kibaba cha kunde, kisha utazame ni kipi kitakachoshibisha nyumba. Umasikini ni wa kweli, na ndio sababu kubwa ya kutotupa fedha katika kile kitakachotuletea gharama ya dawa za maisha.

Na ikiwa twafanya israfu siku za kawaida, jee mwezi wa Ramadhani? Mwezi wa kupunguza tumeufanya mwezi wa kukaanga: kaimati, sambusa, katlesi, bhajia, sharbati, vyote kwa futari moja, hata mtu huisali Tarawehe na hali hawezi kuinama. Harusi zetu nazo mwazijua. Hizo zina maneno yake, na si mahali pake hapa.

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) ametwambia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto hajinunulii mafuta wala hajipangii saa ya kula. Anachokizoea leo katika sinia letu ndicho atakachokitamani akiwa na miaka arobaini, na ndicho atakachowapa wanawe. Mwili wake ni amana aliyotuwekea Mwenyezi Mungu mikononi mwetu, na amana hurudishwa nzima. Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, na ukae na watu wa nyumbani kwako, mchague jambo moja katika haya manne, na mshikane nalo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, awaponye wagonjwa wetu, avihifadhi vizazi vyetu, na atujaalie tuwe wenye kula kwa shukurani na kuacha kwa hikima. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.